Vichaka vifupi vya kijani juu ya lava: jibu kwa msomaji wa Himbi

Swali: "Jambo. Tunaishi Himbi, Goma. Mbele ya nyumba nimebakiwa na kipande cha mita 6 kwa mita 1 na sentimita 20, na chini yake ni lava tupu. Miaka mitatu iliyopita nilipanda tuya 15 mstari mmoja. Sasa chini zimekuwa kahawia, juu zinazidi kurefuka. Gardenia iliyo mwishoni ina majani ya njano, ingawa naimwagilia kila jioni na naitia majivu ya makala. Baba watoto anasema tung'oe vyote tupande sipresi. Mimi nataka vichaka vya kijani mwaka mzima, visivyopita kiuno, visivyonidai mkasi kila juma. Nipande nini, na namna gani?"

Jambo Mama, na aksanti kwa kupima kabla ya kuuliza, maana vipimo vyako vimeshaeleza nusu ya ugonjwa. Tuya 15 katika mita 6 ni mche mmoja kila sentimita 40. Tuya ya kawaida ya vitaluni (Platycladus orientalis) ni mti, ikiachwa inapita mita 5 bila shida. Zikibanana hivyo zinanyang'anyana mwanga, na matawi ya chini yanayokosa jua yanakufa. Wengi wakiona kahawia hukata ndani zaidi, wakitumaini zitachipua upya. Tuya haichipui kwenye tawi la zamani lisilo na majani. Mkasi ukishapita sehemu ya kijani, pengo linabaki maisha yote ya mmea. Kwa hiyo hizo zako hazina dawa, zitoe.

Kabla ya kuzitoa, kung'uta tawi moja juu ya karatasi nyeupe. Vikidondoka vinukta vinavyotembea, ni utitiri, na kiangazi ndicho huuzidisha. Matawi yakinata, yakiwa na chunguchungu wengi na weusi kama masizi, hao ni vidukari. Wapo vidukari wa sipresi (Cinara cupressivora) walioonekana Malawi mwaka 1986 kisha wakaenea nyanda za juu za Afrika Mashariki, na wanakula sipresi na tuya pia. Hiyo ni sababu ya kwanza ya kumwambia Baba hapana. Ya pili ni kwamba sipresi ni mti wa mita 20 na zaidi, na juu ya bamba la lava mizizi yake haiwezi kushuka, inatambaa tu. Mti mrefu wenye mizizi ya juujuu, mita chache kutoka ukuta wa nyumba, utakuja kuangushwa na upepo siku ambayo hamkuichagua.

Sasa tuje kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo bustani nyingi za Goma zinapoharibikia bila mwenyewe kujua. Maji ya Ziwa Kivu si maji matamu ya kawaida. Juu ya uso pH yake (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni magadi) ni karibu na 9, na kila lita imebeba takriban gramu 1 ya chumvi, hasa bikaboneti za sodiamu na magnesi. Maji ya bomba hapa mjini nayo kwa sehemu kubwa yanapampiwa kutoka ziwani humo. Fanya hesabu: bidoni (jerikani) moja ya lita 20 kila jioni, kuanzia Juni hadi mwisho wa Agosti, ni lita 1,840. Hapo umemwaga karibu kilo 2 za chumvi kwenye kipande cha mita 7 za mraba. Mvua za Septemba zinaosha sehemu kubwa, kwa kuwa lava inapitisha maji haraka, na ndiyo maana vichaka vingi vinavumilia. Katika chungu kisichooshwa na mvua, chumvi hiyo hubaki na kurundikana.

Gardenia haivumilii hali hiyo. Inataka udongo wenye asidi kidogo, pH 5 hadi 6. pH ikipanda juu ya hapo, madini ya chuma hugeuka kutu isiyoyeyuka, na mizizi haiwezi kuyanywa. Tazama majani machanga ya nchani: yakiwa ya njano lakini mishipa imebaki ya kijani, hiyo ni njaa ya chuma. Yangeanza kugeuka yale ya zamani ya chini, ungefikiri kwanza upungufu wa nitrojeni. Ajabu ni kwamba lava yenyewe imejaa chuma. Mmea umekaa juu ya ghala na mlango umefungwa. Ndiyo sababu misumari yenye kutu inayofukiwa shinani haijawahi kusaidia kitu. Na majivu, Mama, yanapandisha pH zaidi. Kwa mahindi kwenye udongo wenye asidi majivu ni mbolea. Kwa gardenia inayonyweshwa maji ya Kivu ni kuongeza sumu juu ya sumu. Acha leo.

Wapo wanaoshauri siki kidogo kwenye bidoni. Kidogo haitoshi. Bikaboneti ya ziwa hili ni nyingi kiasi kwamba bidoni ya lita 20 ingehitaji zaidi ya robo lita ya siki, kila mara. Nunua pipa. Bati lenye eneo la mita 20 za mraba, mvua ya milimita 10 ikinyesha, linakupa lita 200. Acha robo saa ya kwanza ya mvua imwagike chini ndipo ugeuze mfereji kwenye pipa. Baada ya siku za ukavu bati limebeba vumbi, na moshi wa volkano ya Nyiragongo ukielekea mjini limebeba pia asidi na florini. Ukiona ncha za majani zimeungua kwa mpaka mkali siku chache baada ya moshi kushuka, usikimbilie mbolea wala dawa. Suuza majani kwa maji safi asubuhi, basi.

Gardenia ihamishie kwenye chungu cha lita 30 au 40 chenye matundu makubwa chini, kwa sehemu 4 za mboji ya maganda ya kahawa au ya majani, sehemu 3 za udongo mweusi na sehemu 3 za changarawe nyepesi ya volkano iliyooshwa. Maji ya mvua peke yake. Ukitaka irudie kijani upesi na unaweza kupata dawa ya chuma dukani, soma pakiti: aina ya EDDHA inafanya kazi hata kwenye udongo wenye pH ya 8 au 9, ile ya EDTA inavunjika mara tu pH ikipita 6 na nusu hivi. Duka likiwa na ya pili tu, usipoteze pesa kuitia udongoni. Azalea na iksora zina tabia hiyohiyo ya gardenia, kwa hiyo muuzaji akikusifia, mpite.

Tuje kwenye lava. Kichaka cha mita moja kinataka angalau sentimita 40 za udongo. Tindua shimo moja kwa baramini (mtaimbo), mimina lita 20, kisha tazama saa. Maji yakiisha kwa dakika moja, chini kuna nyufa. Yakisimama nusu saa, umekaa juu ya bamba, na kuchimba mashimo kwenye bamba ni kutengeneza mabakuli ya kuozesha mizizi. Kwa vyovyote, katika parseli ndogo kama yako mimi ningeinua kitanda badala ya kushindana na mwamba. Jenga ukingo wa mawe ya lava yasiyo na sementi, kimo cha sentimita 45, mawe yakiegemea ndani kidogo. Acha sentimita 15 kati ya kitanda na ukuta wa nyumba, la sivyo unyevu utapanda ukutani. Angalia pia mwisho wa paa: chini ya bati mvua haifiki, kwa hiyo mche usipandwe huko ukidhani utanyweshwa na mawingu.

Tahadhari moja kwa wale wa upande wa magharibi, kuelekea Sake, ambako mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kuua, yanajulikana. Hewa hiyo ni nzito, inajaa kwenye mabonde na mashimo. Mahali palipo na nyasi zilizokauka bila sababu, au wadudu na ndege wadogo waliokufa kwenye kibonde, msichimbe shimo la kina wala kuinama ndani yake, na watoto wasikaribie kabisa.

Kabla ya kujaza, ziba nyufa pana: mawe makubwa kwanza, madogo juu yake, kisha magunia ya zamani ya kusuka. Kazi ya tabaka hilo ni kuzuia udongo ulioununua kwa pesa usiteremke chini mvua za kwanza tu. Wanaosema kwamba kokoto chini ndizo zinazopitisha maji wanakosea. Maji yanapita kwa sababu ya mchanganyiko wa juu. Usitandike plastiki isiyotoboka.

Kitanda chako kinabeba mita za ujazo 3.24, na udongo mpya unashuka kwa asilimia 10 hivi baada ya mvua kadhaa. Agiza mita za ujazo 3.6. Kwa toroli ya lita 60, hiyo ni toroli 60: 30 za udongo mweusi, 18 za changarawe nyepesi ya volkano (ile yenye vitundu, punje zisizozidi sentimita moja), na 12 za samadi iliyooza au mboji. Samadi iliyooza haina harufu kali na ukiingiza mkono katikati ya lundo haina joto. Ikiwa bado ina joto itaunguza mizizi. Ngoja miezi mitatu. Udongo ukiletwa, kwa lori au kwa chukudu (kigari cha mbao cha kusukuma), shika konzi, lowesha, finyanga. Ukitengeneza utepe mrefu usiokatika, ni mfinyanzi mno. Toa toroli 5 za udongo, ongeza 5 za changarawe. Changanya vyote nje ya kitanda kwa koleo. Matabaka yaliyomwagwa moja juu ya jingine hayatachanganyika yenyewe.

Jaza mwezi wa Agosti. Mvua za Septemba zitakishusha kitanda, utaongeza kilichopungua, na mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba utapanda, mvua zikiwa zimeshika. Machi pia inafaa. Kupanda Mei, kama wengi wanavyofanya kwa kuwa miche ni rahisi kupatikana, ni kuupeleka mche mchanga moja kwa moja kwenye kiangazi.

Sasa mimea yenyewe. Kuna vichaka vifupi kwa asili na vichaka vinavyofupishwa kwa mkasi, na vitaluni vyote vinaitwa vifupi kwa sababu bado ni vichanga. Duranta ya njano ni mfano mzuri: nzuri, rahisi, ukichomeka tawi linashika. Ila ikiachwa inafika mita 3, na katika hali ya Goma, yenye misimu miwili ya mvua na baridi isiyo kali, haipumziki. Kila majuma matatu au manne itataka mkasi. Tena matunda yake ni sumu kwa watoto. Wewe umesema hutaki kudaiwa, basi duranta haikufai.

Kwa mstari wa nyuma ningechagua viwili. Cha kwanza ni karisa ya aina fupi (Carissa macrocarpa), majani magumu yanayong'aa, maua meupe yenye harufu, kimo cha sentimita 50 hadi 80. Kwao ni pwani ya kusini mwa Afrika, kwa hiyo chumvi ya Kivu haiisumbui. Sharti mche uwe umetokana na tawi, si mbegu. Mbegu za mmea mfupi huzaa mirefu, na karisa ya kawaida inapita mita 2 na ina miiba yenye panda inayotoboa ndala. Muulize muuzaji akuonyeshe mmea mama. Cha pili ni romarini. Lava na romarini vilichumbiana zamani: inapenda jua, mizizi mikavu, na udongo usio na asidi. Chukua ile inayosimama kidogo, si inayotambaa, na utapata na kiungo cha mbuzi wa kuchoma. Usipoipata karisa fupi, tafuta Pittosporum tobira aina ya Nana, inaishia kati ya sentimita 60 na 90 na kujikunja yenyewe kuwa duara. Buksi nayo inafaa kama una subira: inaongeza sentimita 10 hadi 15 kwa mwaka.

Mstari wa mbele weka kufea (Cuphea hyssopifolia), sentimita 30 hadi 50, majani madogo sana, vimaua vya zambarau karibu miezi yote. Ni dhaifu kuliko wenzake mbele ya chumvi, kwa hiyo maji ya pipa yakiwa machache, gardenia kwanza, kufea baadaye, wengine wanywe ya bomba.

Mpangilio: mstari wa nyuma uwe sentimita 40 kutoka ukingo wa nyuma, miche 7, wa kwanza sentimita 50 kutoka pembe, kisha kila sentimita 83: karisa, romarini, karisa, romarini, mpaka umalizie na karisa. Hizo ni karisa 4 na romarini 3. Mbele, sentimita 25 kutoka ukingo, kufea 14, kila sentimita 40. Miche 21 badala ya 30 au 40 ambayo muuzaji atakushauri. Mwaka wa kwanza kitanda kitaonekana kitupu na jirani atacheka.

Kitaluni geuza sashe (mfuko wa plastiki wa mche) uangalie chini. Mizizi minene iliyotoka kwenye matundu ikajikita ardhini maana yake mche umekaa mno. Ukiung'oa unaacha nusu ya mizizi hapo. Pendelea mche wa sentimita 20 wenye matawi manne yanayoanzia chini kuliko wa sentimita 50 wenye fimbo moja. Fimbo hiyo haitajaza chini kamwe, na umeshaona tuya zako.

Siku ya kupanda, loweka sashe kwenye ndoo mpaka mapovu yaishe. Chana sashe, usivute shina. Mizizi ikiwa inazunguka, ikate kwa kisu mistari mitatu au minne wima, kina cha sentimita moja. Isipokatwa itaendelea kuzunguka mpaka ijinyonge mwaka wa tatu au wa nne, na mmea utakufa bila dalili ya mdudu. Shimo liwe na kina sawa na bonge la mizizi, upana mara mbili. Uso wa bonge ubaki sentimita 2 juu ya udongo, maana kitanda bado kitashuka. Shina lililofukiwa linaoza shingoni, hasa romarini. Shindilia kwa vidole, si kwa kisigino, kisha lita 5 za maji kwa kila mche wa nyuma, lita 2 kwa kila kufea, hata kama mvua inakuja.

Matandazo ya majani makavu au maganda ya kahawa, unene wa sentimita 5, kwa karisa na kufea, yasiguse shina. Kwa romarini tandaza changarawe ya volkano tu. Majuma sita ya kwanza, siku tatu zikipita bila mvua, mpe kila mche wa nyuma lita 3. Baada ya hapo mara moja kwa juma kiangazi, lita 8 kwa mkupuo, ni bora kuliko kikombe kila jioni: maji machache yanavukia juujuu na kuacha chumvi palepale mizizi ilipo, maji mengi yanaisukuma chini ya mizizi. Ukoko mweupe juu ya udongo ni ishara kwamba umechelewa kusukuma.

Mbolea usizidishe. NPK 17-17-17, gramu 20 kwa mita moja ya mraba, mwanzo wa kila msimu wa mvua, yaani gramu 145 kwa kitanda chote, mara mbili kwa mwaka. Ukitia zaidi, utapata matawi marefu malegevu na utarudi kwenye mkasi uliotaka kuuacha.

Mkasi wenyewe: karisa na kufea zinachipua hata kwenye tawi la zamani, zikate mara mbili kwa mwaka, Machi na Oktoba. Romarini ni kama tuya, usivuke majani. Ondoa theluthi ya urefu wa kijani baada ya maua na usingoje iwe na miguu mitupu. Kichaka kipunguzwe juu zaidi kuliko chini, msingi uwe mpana, jua lifike chini. Na likitokea kwenye karisa tawi moja linalopanda wima, nene, lenye majani makubwa kuliko mengine, lifuate mpaka linapoanzia na likate pale pale. Hilo ni asili ndefu inarudi, na likiachwa miezi sita litameza aina fupi yote.

Kuhusu ule utupu wa mwaka wa kwanza: panda vitunguu vya majani kati ya vichaka, sentimita 25 mbali na kila shina, na umvunie mpishi. Lengalenga inakunywa maji mengi mno kwa mahali hapo, na boga litatambaa juu ya kufea na kuziua kwa kivuli kabla Desemba haijaisha.